Nahama kutoka gari dogo kwenda SUV: nijiandae na nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeendesha gari dogo kwa miaka tisa, injini ya lita 1.3. Sasa nyumbani tuko sita, na mama mkwe husafiri nasi mara kwa mara, kwa hiyo mume wangu ametafuta SUV ya viti saba. Tumebakiwa na mbili za kuchagua. Moja ni ya petroli, lita 2.5, ya bodi moja (haina fremu ya chini), toleo la karibuni. Nyingine ni ya dizeli, lita 3.0, ya chesisi (bodi limekaa juu ya fremu ya chuma), ina 4WD, yaani magurudumu yote manne huvuta, yenye gia za chini. Ni ya zamani kidogo lakini kila mtu anatuambia "hilo ndilo gari". Siku nyingi nitakuwa kwenye lami. Mara mbili tatu kwa mwaka tunapita barabara ya udongo ya kilomita 40. Nilipojaribu hilo la dizeli nilihisi naendesha nyumba. Mume wangu ananiambia nisiogope, gari kubwa ni salama, mkigongana anaumia mwenye dogo. Ni kweli? Na nijiandae na nini?

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo hofu ya kuendesha nyumba usiifukuze haraka, ina akili ndani yake. Wanaonitia wasiwasi mimi ni wale wanaopanda gari la aina hiyo mara ya kwanza na kushuka wakisema "kumbe jepesi tu". Nimekaa zaidi ya miaka ishirini chini ya magari haya, na pembeni ya watu wanaojifunza kuyaendesha, na jambo moja nimeliona likijirudia: gari dogo linasema, gari kubwa linanyamaza. Kwenye hako kagari kako, ukifika kilomita 100 kwa saa injini inalia, upepo unapiga mlangoni, usukani unatetemeka. Umeshaambiwa. Kwenye hilo la dizeli kasi hiyohiyo inakuja kimyakimya, umeketi juu, na lami inaonekana kupita taratibu kana kwamba uko 70. Wiki za mwanzo, usiamini macho wala masikio yako kuhusu kasi. Amini mshale.

Sasa la mumeo. Amesema nusu ya ukweli. Gari la kilo 2,500 likikutana uso kwa uso na la kilo 1,250, kasi ya lile jepesi hubadilika mara mbili ya kasi ya lile zito, na mwili wa aliyeketi ndani ndio unaopokea badiliko hilo. Hapo mwenye gari zito ana unafuu, hatuwezi kubisha. Lakini hiyo ni ajali ya aina moja. Mti hauna habari na uzito wako. Lori lililoharibikia barabarani usiku bila taa halina habari. Ukigonga nguzo ya daraja hakuna mwenzako mwepesi wa kusukumwa nyuma akakupunguzia. Mwendo wako wote unaishia kwenye bodi lako mwenyewe. Halafu kuna ajali mbili ambazo gari lenye kimo linazikaribisha kuliko gari dogo: kupinduka, na kumgonga mtu ambaye hukumwona kabisa.

Kupinduka kuna hesabu yake, na ni rahisi. Pima kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, chukua nusu yake, kisha igawe kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari kutoka ardhini. Magari madogo ya kawaida hutoa jibu la 1.3 hadi 1.5. SUV nyingi ziko kati ya 1.0 na 1.3. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilianza kutumia hesabu hiyo kuyapa magari nyota za hatari ya kupinduka kwa matoleo ya mwaka 2001. Namba ikiwa ndogo, maana yake msukumo mdogo zaidi wa pembeni unatosha kulilaza gari.

Na msukumo huo hutokea vipi? Wengi hudhani ni kona kali. Nilivyoona mimi, mara nyingi ni dereva anayerekebisha kosa dogo. Tairi la pembeni linatoka kwenye lami na kuangukia ukingo wa udongo, gari linayumba, dereva anashtuka na kukata usukani kwa nguvu arudi. Tairi linakamata ukingo wa lami, gari linaruka kuelekea upande wa pili, anakata tena kurudisha, na hapo uzito wote wa juu, ambao bado ulikuwa unaegemea upande wa kwanza, unabwagwa upande mwingine. Kwenye gari dogo mchezo huo unaweza kuishia kwa kuserereka tu. Kwenye gari lenye kimo unaishia matairi yakitazama mawinguni. Kwa hiyo jizoeze hili mpaka liwe la mkono wenyewe: tairi likitoka kwenye lami, shika usukani imara, achia mafuta, usikanyage breki kwa pupa, endelea kunyooka nje hukohuko mpaka mwendo upungue, ndipo urudi polepole. Inaumiza shokapu. Acha ziumie.

Kuna kifaa kimoja kilichobadilisha habari hii sana, nacho ni mfumo wa kudhibiti utelezi. Kwenye magari utaukuta kwa majina ESC, ESP au VSC, kutegemea kiwanda. Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1995. Unalinganisha mahali usukani unapoelekezwa na mahali gari linakokwenda kweli, na vikitofautiana unafunga breki ya gurudumu moja tu, lile linalofaa, kabla wewe hujajua kuna shida. Marekani uliwekwa kuwa lazima kwenye magari yote madogo na SUV kuanzia matoleo ya 2012. Ungeniambia nichague kati ya 4WD na ESC kwa ajili ya familia inayokaa kwenye lami, nisingefikiri mara mbili: ESC. Na hapo ndipo hilo gari lako la zamani linaponipa mashaka. Waulize, kisha ukague mwenyewe: ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa ndogo yenye picha ya gari linaloteleza iwake, pamoja na za ABS (breki zisizokwama) na mifuko ya hewa, halafu zizime baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu inaweza kuwa kuna mtu ameizima kwa makusudi.

Hapohapo kwenye kupinduka nikutajie mambo mawili yanayoharakisha hilo, yote yako mikononi mwako. La kwanza ni mzigo wa juu. Keria inavutia, unaiona iko tupu unasema hapa panaingia mabegi manne na gunia. Magari mengi ya aina hii huruhusu kilo 75 hadi 100 tu juu ya paa, na uzito wa keria yenyewe umo humo. Ukizidisha, ile hesabu ya kimo umeiharibu. Vizito vikae chini, nyuma ya siti, vimefungwa. Juu weka magodoro na vikapu.

La pili ni upepo wa matairi. Agosti 2000 Firestone waliita matairi yao milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Yalikuwa yakibanduka ngozi ya juu gari likiwa katika mwendo, na gari likipinduka. NHTSA ilihusisha matairi hayo na vifo 271. Kampuni mbili zilirushiana lawama: moja ikisema tairi ni bovu, nyingine ikisema gari lenyewe linapinduka ovyo na upepo uliopendekezwa, psi 26, ni mdogo mno. Sitaki kuamua kesi yao hapa. Ninachotaka ukione ni mchanganyiko wenyewe: gari lenye kimo, mzigo, joto, mwendo mkali, upepo pungufu. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, kujikunja kunaleta joto, na joto ndilo linaloachanisha tabaka za mpira. Kwenye gari dogo ungesikia usukani ukivuta upande. Kwenye hili, tairi linaweza kupoteza robo ya upepo na ukaendelea kuendesha kwa raha zako, tena ukasifia kwamba leo gari ni laini.

Kwa hiyo nunua kipimo chako cha upepo, kiweke kwenye droo ya gari. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Namba sahihi iko kwenye kibandiko ukifungua mlango wa dereva. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, siyo maelekezo ya gari lako. Mara nyingi kibandiko kina safu mbili, ya kawaida na ya mzigo kamili, na mkisafiri wote saba mnastahili ile ya pili.

Ukiwa umeinama hapo, soma tairi lenyewe. Ukikuta 265/65R17 112S: upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu ni inchi 17, S ni kikomo cha kasi cha kilomita 180 kwa saa, na 112 ndiyo wanayoisahau watu. Hiyo ni uwezo wa kubeba: kilo 1,120 kwa tairi moja. Tairi la gari dogo lenye 91 hubeba kilo 615. Muuzaji akikushawishi uchukue la bei nafuu "saizi ileile", angalia namba hiyo isishuke chini ya iliyopendekezwa. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililokaa miaka kumi ni jiwe, na SUV za kuendeshwa wikiendi tu hufa matairi kwa uzee kabla ya kuisha.

Turudi kwenye ajali ya pili, ya kumgonga usiyemwona. Nataka ufanye jaribio hili kabla hujanunua, na mumeo awepo. Egesha gari mahali tambarare, kaa kwenye kiti chako kama unavyoendesha. Mwambie achukue ndoo, aiweke ikigusa bampa la mbele, katikati. Hutaiona. Aisogeze mbele hatua moja. Hutaiona. Aendelee hivyo mpaka ukingo wa ndoo ujitokeze juu ya boneti, kisha shuka ukahesabu hatua. Watu wengi niliowafanyia hivi hunyamaza kidogo. Halafu rudia kwa kumsimamisha mtoto wako mdogo kuliko wote badala ya ndoo, injini ikiwa imezimwa na funguo ziko kwa mumeo. Nina mteja alikuwa ameshalipa sehemu ya fedha ya gari lake. Mwanawe wa miaka mitatu alisimama mbele ya boneti na mama hakuona hata unywele. Hakuacha kununua, ila tangu siku ile haondoki nyumbani bila kulizunguka gari kwa miguu.

Na hapa sizungumzii nyuma tu, ambako kamera imesaidia. Mbele kumeachwa. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayotafiti usalama wa magari kwa ajili ya kampuni za bima, IIHS, ilichambua karibu ajali 18,000 za waenda kwa miguu. Magari yenye boneti iliyozidi inchi 40 kwenda juu, yaani kama mita moja, yalikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kuua kuliko yale yenye boneti iliyoinama na isiyozidi inchi 30. Sababu haihitaji shahada. Boneti fupi humgonga mtu mzima miguuni na kumlaza juu yake; boneti ndefu humgonga kifuani, au kichwani akiwa mtoto, na kumwangusha chini. Ndiyo maana nikwambie mapema: pandisha kiti chako. Madereva wafupi hukaa chini kwenye SUV wakidhani gari lenyewe limeshawapandisha. Pandisha mpaka uone sehemu kubwa ya boneti, na bado zunguka gari.

Nije kwenye breki, maana kuna uongo unaozunguka. Utasikia "gari zito halisimami". Si hivyo hasa. Uzito ukiongezeka, mshiko wa matairi kwenye lami nao unaongezeka, ndiyo maana SUV nzuri ikifunga breki mara moja kwenye barabara kavu haipitwi sana na gari dogo. Tatizo ni joto. Breki hazimezi mwendo, zinaugeuza kuwa joto, na joto hilo linategemea uzito na mraba wa kasi. Gari la kilo 2,500 likiwa kilomita 80 kwa saa limebeba nguvu ya mwendo sawa na la kilo 1,250 likiwa 113. Fikiria sasa mteremko wa kilomita sita, mko saba, una mguu kwenye breki mwanzo mpaka mwisho. Diski zinaiva, mafuta ya breki yanachemka, vipovu vinaingia kwenye mfumo, na pedali inazama hadi chini kama unakanyaga sifongo. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanapaswa kuhimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevunyevu wa hewani kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama fundi wako anakucheka. Na mteremko ushuke na gia: rudisha gia ya tatu au ya pili kabla ya kuanza kushuka, injini ilishike gari, breki ibaki ya kugusia.

Kuhusu 4WD nitasema zaidi kidogo kwa sababu ndiyo iliyowapumbaza wanaokwambia "hilo ndilo gari".

4WD inakusaidia kuondoka. Haikusaidii kusimama. Magari yote yana breki kwenye magurudumu manne, hata hako kako. Kwenye barabara ya udongo iliyonyeshewa, 4WD itakupeleka mbele bila kuserereka, utajiona mwamba, utaongeza mwendo, na kona ya kwanza utakapokanyaga breki ndipo utajua kwamba utelezi ulikuwepo muda wote, gari tu halikukuambia. Ukitaka kuujua, tafuta mahali peupe ukiwa mwendo mdogo, gusa breki kidogo, usikie.

Pili, ujue ni 4WD ya namna gani. Kama swichi au mkono wa transfa (gia ya kuchagua 4WD) una alama ya 2H (magurudumu mawili), 4H (manne, gia za kawaida) na 4L (manne, gia za chini), basi kwa kawaida ni ile ya kuunganisha unapohitaji, na ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja bila difu katikati, yaani zile gia zinazoruhusu kila upande uzunguke kwa kasi yake. Usiitumie kwenye lami kavu. Unapokata kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye udongo yanatelezea hiyo tofauti, kwenye lami hayana pa kutelezea. Utahisi usukani umekaza na gari linarukaruka ukiegesha. Hapo unapasua vyuma. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na difu ya katikati ili magurudumu manne yavute muda wote, hata kwenye lami, na SUV nyingi zimefuata njia hiyo. Hiyo 4L nayo hupunguza mwendo karibu mara mbili hadi mbili na nusu na kuzidisha nguvu kwa kiasi hichohicho: ni ya kupanda mawe, kushuka kwenye korongo, kujinasua tope. Kwa barabara ya udongo ya kawaida hutaigusa.

Maji je? Yakiwa yanatembea na yamefika sentimita 60, hata SUV hubebwa. Gari huelea kabla halijazama, na bodi pana linakuwa kama tanga. Yakiwa yametuama na unayajua, pita polepole bila kusimama. Ukitoka, kumbuka kwamba difu zilikuwa za moto na zimezamishwa kwenye maji ya baridi. Hewa ya ndani ilisinyaa, na kama kijimpira cha pumulio kimeziba au kukatika, difu imenyonya maji. Mwambie fundi afungue nati ya chini kidogo. Oili nzuri inatoka na rangi yake ya kahawia au nyeusi. Ikitoka nyeupe imechanganyika kama maziwa, mwaga yote, weka mpya siku hiyohiyo. Ukiacha, bearingi zitakula kutu kimya, na difu itaanza kuimba miezi minne baadaye, ukiwa umeshasahau maji yenyewe.

Kuhusu viti saba, viti saba siyo ruhusa ya kujaza. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa ulioandikwa kwenye kibati cha gari, toa uzito wa gari tupu. Kama ni 2,600 kutoa 2,000, mmebakiwa na kilo 600. Watu wazima saba wa kilo 75 ni 525, kwa hiyo mizigo yenu haipaswi kuzidi 75, na bado hatujataja keria. Ninyi mna watoto, kwa hiyo mna nafasi zaidi. Ila angalia pia kwamba siti ya tatu ikishainuliwa, sehemu ya mizigo inabaki kama upana wa begi moja. Na mkipakia nyuma, taa zenu zitatazama juu na kuwapofusha wanaokuja. Kuna kigurudumu kidogo upande wa usukani chenye namba 0 hadi 3 au 4 cha kuziteremsha. Karibu hakuna anayekigusa.

Mafuta nisiyarefushe. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa kasi, na gari pana lenye kimo linasukuma hewa nyingi. Kutoka 100 hadi 120, nguvu ya injini inayohitajika kushinda hewa peke yake, ambayo ni upinzani mara kasi, inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Ukikaa kwenye 90 utakuwa umeokoa zaidi ya yale ya kuweka "oili maalumu". Tangi kubwa nalo linadanganya: unajaza mara chache, unadhani gari linakula kidogo. Jaza mpaka juu, andika kilomita, jaza tena, gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa mia.

Sasa magari yenu mawili. La chesisi ni la mtu anayebeba vizito, anayevuta tela, anayekaa porini wiki nzima, ambaye chini ya gari lake kunagongwa mawe kila siku. Fremu ile inavumilia mateso. Malipo yake ni uzito, kona za kuyumba, na safari za lami zinazochosha wanaokaa nyuma. La bodi moja ni jepesi, linakaa chini zaidi, linakata kona vizuri, na kwa kilomita 40 za udongo mara tatu kwa mwaka linatosha kabisa ukiwa na matairi mazuri na subira. Dizeli ina jambo lake pia. Za kisasa husukuma mafuta kwenye nozeli kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na maji au uchafu kidogo kwenye dizeli hugeuka gharama kubwa. Zenye chujio la masizi kwenye egzosi zinahitaji mwendo mrefu wa moto ili chujio lijichome na kujisafisha. Safari za shule na sokoni, dakika kumi kwenda dakika kumi kurudi, huliziba. Kwa maisha uliyonieleza mimi ningechukua la petroli, na ningewaacha wanaosema "hilo ndilo gari" wakalinunue wao.

Mkiamua la dizeli hata hivyo, nendeni asubuhi, na kabla ya salamu kuisha weka kiganja kwenye boneti. Kama ni ya moto, wameshaliwasha ili msione linavyowaka likiwa baridi. Rudini siku nyingine. Lala chini uangalie chesisi. Rangi nyeusi mpya kabisa chini ya gari la zamani inaficha kutu. Gonga kwa nyundo ndogo pembeni mwa magurudumu ya nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti butu. Mwulize muuzaji taimingi belti (mkanda unaoendesha vali za injini) ilibadilishwa lini, na asipokuwa na karatasi hesabu kwamba haijabadilishwa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukitoka kwa kusukuma kama kifua cha mgonjwa, piston zimechoka. Ingiza 4L, tembea mita ishirini mchangani, toa. Ikigoma, wamekuuzieni alama tu.

Kwa lolote kati ya hayo mawili, shusha tairi la spea. Mengi ya SUV hulining'iniza chini ya buti kwa kamba ya chuma, na kamba hiyo inashika kutu isipoteremshwa miaka. Ulishushe wewe, siyo muuzaji, kisha ujaribu kulegeza nati moja ya gurudumu kwa spana iliyomo garini. Nati zake hukazwa kuliko za gari dogo, na spana ya kiwandani ni fupi. Nunua bomba refu la kuongeza mkono wa spana, likae garini.

Kisha nendeni mkalijaribu na watoto wote ndani, siyo ninyi wawili peke yenu. Mama mkwe hatumweki kwenye siti ya tatu, hilo tunaelewana, kwa hiyo watoto wakubwa wawili ndio watakaoishi huko nyuma. Waangalie kama wanaweza kuingia na kufunga mikanda wenyewe, kama mikanda ni ya kupita begani, na kama kichwa kina pa kuegemea au kioo cha nyuma kiko palepale kisogoni. Waendesheni nusu saa, mpite kwenye matuta, halafu waulizeni wao.